Mshiko Uongezwe

Marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana nawajua: mtaanza "shika", simu italia, na neno litabaki njiani. Kwa hiyo salamu tumemaliza. Kaeni niwaeleze kazi niliyoifanya miaka mingi hapa Dodoma, kazi ya kuuza simu na kutazama mikono ya watu.

Msicheke. Ninyi mnaouza simu leo mnajua kila moja ina kamera ngapi na chaji yake inakaa siku ngapi, na mnayasema kwa pumzi moja kama mnakariri. Mimi nawauliza jambo moja tu: ubavu wake ukoje? Ni wa mviringo, ni bapa, au ni kile kioo kilichopindwa hadi pembeni? Hapo mnakodoa macho. Na hapo ndipo mteja anapoipenda simu au kuichukia, ingawa ukimwuliza atakwambia ameipendea kamera.

Nawaambia pia tangu sasa kwamba habari hii ina mtu aliyeumia. Anaitwa Rehema. Alikuwa mwenzangu kazini, na alipoteza kazi pamoja na jina lake zuri kwa sababu ya neno moja la Kiswahili, na kwa sababu yangu mimi. Nitamfikia. Mkiona nazunguka mjue ni aibu, wala si uzee.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Sechelela, mwenye duka letu la kwanza kule karibu na soko. Kabla ya simu alikuwa akiuza mipini ya majembe. Mimi nilijiona msomi, nikashangaa muuza mipini atanifundisha nini kuhusu simu. Wiki ya kwanza nikamuuzia mkulima mmoja wa karanga simu nyembamba yenye mbavu za mviringo, laini kama sabuni iliyoogewa na watu watatu. Nilimsifia mpaka akatoa pesa bila kuishika vizuri. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu kwa jembe, na kitu laini hakikai kwenye mkono mkavu. Siku ya tatu alirudi na simu imepasuka uso, akaiweka mezani mbele yangu.

Mama Sechelela hakunigombeza. Alikwenda nyuma ya duka akaniletea mpini wa jembe uliobaki tangu enzi zake. "Shika huo," akasema. Nikaushika. "Mbona hujaniuliza umetengenezwa wapi?"

"Wa nini, mama? Naona tu unakaa vizuri."

"Basi. Mkono umeshajibu. Wewe mdomo wako unauingilia mkono unapoongea."

Njia yake ilikuwa hii, na nawapa bure. Mpe mteja simu mkononi, kisha mwulize habari za mvua. Hapa kwetu swali la mvua halijibiwi kwa chini ya dakika kumi, hata na mtu mwenye haraka. Yeye anaongea, wewe unatazama mkono. Uzito wa simu unabebwa na kidole cha mwisho, kile kidogo, ambacho hakuna anayekishukuru. Ubavu ukiwa bapa wenye kona kali, utaona anakitoa kidole, anakirudisha, na chini yake kuna mstari mwekundu. Ubavu ukiwa wa mviringo anatulia, lakini mkono wenye jasho utaanza kubana. Kioo kikiwa kimepinda, anaishika kwa ncha za vidole kama chapati iliyotoka sasa hivi kwenye kikaango. Akibadilisha mkono mara mbili kabla mvua haijaisha, usimuuzie hiyo. Mpe nyingine umwulize habari za mtama.

Hiyo chapati ilitusumbua sana miaka ile serikali ilipohamia na mitaa kama Area D ikajaa watumishi. Kila mtu alitaka kioo kilichopinda. Simu isiyo na ubavu ilikuwa dalili kwamba mwenye nayo hafanyi kazi ya mikono. Afisa mmoja nadhifu alinunua, akarudi kesho yake kuwekewa protekta, nayo haikushika pembeni, kwa sababu kitu kilichopinda hakikubali kitu kilichonyooka. Alipokuwa akisubiri gundi ikauke kwenye protekta ya pili akaanza kumsema bosi wake. Bosi hajui kuandika barua, bosi analala vikaoni, bosi amepewa cheo na shemeji. Aliongea kwa raha, simu kaikumbatia kiganjani. Kumbe nyama ya kiganja imepanda kwenye kioo na kukandamiza alama ya kurekodi, na alipoinyanyua ili atazame saa, maneno yote yakaenda kwenye kundi la ofisi.

Alirudi tena siku ya tatu. "Mzee Chilongani," aliniambia kwa sauti ndogo, "nipe yenye mbavu. Hata ikinichoma sawa tu."

Na msidhani watu wa ofisini peke yao ndio wenye visa. Mteja wa kawaida alikuwa anaweza kukaa dukani asubuhi nzima akilinganisha mbavu. Hii bapa inasimama yenyewe mezani, nzuri kwa kurekodi kwaya. Hii ya mviringo haikwaruzi kifua ukiichomeka ndani ya blauzi. Hii inatokeza kwenye fundo la kanga, hii haitokezi. Anachagua kwa umakini, anaridhika, analipa. Kisha ananunua kava la mpira nene kama soli ya kandambili, lenye masikio ya sungura, anaivika, na ubavu alioutafuta asubuhi nzima hauonekani tena mpaka simu inakufa. Nilimlalamikia Mama Sechelela juu ya jambo hilo. Akaniuliza kama mimi sikuoa mke nikimtazama sura, na kama siku hizi bado namtazama. Nikarudi kwenye kazi yangu.

Mama alipochoka aliuza duka akarudi kwao upande wa Gulwe, na mimi nikaajiriwa na kampuni iliyokuwa ikileta simu kutoka nje. Sitaitaja, nayo imeshafungasha. Kule sikuwa muuzaji tena, nilikuwa "msimamizi wa utafiti wa soko", maana yake nilipewa fulana na kalamu. Meneja wetu alitoka Dar es Salaam, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, na juu yake alikuwepo mtaalamu wa kigeni ambaye hakujua Kiswahili lakini alikiheshimu sana. Kampuni ilitaka kutengeneza simu ya watu wa bara, watu wetu, kwa hiyo ilitaka kujua tunapenda ubavu gani. Wakaleta simu tatu za mfano, tupu ndani, kila moja na ubavu wake. Mzee wa kwanza niliyempa moja aliiweka sikioni akasema haloo mara nne, kisha akanirudishia akaniambia salio limekwisha.

Pamoja na simu zilikuja fomu. Swali la saba, ambalo ndilo moyo wa utafiti wenyewe, liliandikwa ofisini na Meneja kwa Kiswahili alichokiita sanifu: "Je, mshiko wa simu hii unakuridhisha? Kama hapana, eleza."

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Meneja alimaanisha namna simu inavyoshikika. Lakini mnajua tunakoishi. Huu ni mji wa semina. Mtu wa Dodoma akipewa fomu, kalamu na kiti, akaulizwa habari ya mshiko, atawaza kitu kimoja tu, posho.

Basi wakajibu. "Hapana. Mshiko ni mdogo." "Hapana. Mshiko uongezwe." "Hapana. Mshiko haujafika." "Mshiko unachelewa sana." Katika kijiji kimoja, jina nakaa nalo, watu saba waliandika jambo lile lile: "Mshiko unaishia kwa mwenyekiti." Majibu yote yakatafsiriwa, yakapelekwa kwa mtaalamu, naye akayasoma kwa adabu. Mshiko haujafika, akaeleza, maana yake vidole havikutani nyuma ya simu. Mshiko unachelewa, maana yake simu inateleza kwanza ndipo mkono unakaza. Na mshiko unaoishia kwa mwenyekiti aliufurahia kuliko yote. Akasema hapo jamii yenyewe imetutajia kipimo: wanaona simu inamtosha mwenyekiti peke yake, kwa hiyo mkono wake ndio mkubwa kuliko yote pale kijijini.

Tukapelekwa kuupima. Mwenyekiti alikaa mbele ya ofisi yake, kanyoosha kiganja juu ya karatasi, na mimi nikauchora mkono ule kwa penseli, kidole baada ya kidole, huku wanakijiji wakitazama. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Heri mmekuja. Huo ndio mkono wenyewe." Mtaalamu akaomba atafsiriwe. Alipoelewa alimshukuru sana bibi yule.

Ndivyo ilivyozaliwa simu yetu. Ilikuja pana kama kibao cha kukatia mboga, mbavu bapa, kona zake kali kama rula ya chuma, eti ili mkono wa mwananchi upate mahali pa kukamata. Ilikata vidole. Ilikwaruza vifua vya akina mama. Ikatoboa mfuko wa shati langu jipya. Lakini kabla hatujayajua hayo, Meneja alikuwa ameshatundika mabango mji mzima, herufi nyekundu: MSHIKO UMEONGEZWA! NJOO UCHUKUE WAKO LEO.

Wakaja. Nilipofika kufungua duka la kampuni asubuhi ile nilikuta foleni imezunguka jengo. Nikafurahi, nikadhani kweli tumetengeneza simu. Halafu nikaona kila mtu ameshika kitambulisho, nakala yake, na picha ndogo mbili. Wengine walikuwa na barua ya serikali ya mtaa. Mama mmoja aliyetoka kijijini akanishika mkono.

"Mwanangu, hebu niangalizie, jina langu limo?"

"Jina la nini, mama?"

"La mshiko. Mimi nilijaza ile fomu yenu, hata fulana ninayo."

Nilimwonyesha simu. Akaipokea, akaigeuza, akaitazama chini kama bahasha imebandikwa huko. "Hii naiona," akasema. "Na mshiko wenyewe?"

Mpaka saa sita hatukuuza hata moja, na polisi wawili walioitwa kutuliza watu waliishia kupanga foleni nao. Nimesimulia kisa hiki kwenye misiba na harusi, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Nikishafika hapo huwa nakunywa maji na kunyamaza.

Lakini nimeruka jambo, na nimeliruka makusudi, kama nilivyoliruka kwenye misiba na harusi zote hizo.

Tulikuwa wakusanyaji sita wa zile fomu. Watano tulijaza kama nilivyowaeleza. Wa sita alikuwa Rehema, binti wa Kondoa, aliyetoka chuoni mwaka uleule. Baba yake alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu mkali wa haki. Kila mwisho wa mwezi alimpigia binti yake simu, na badala ya kuuliza mshahara alimwuliza kama kuna mtu amemdhulumu. Rehema alipelekwa Zuzu, na siku ya kwanza tu akagundua kwamba swali la saba limepotea njia. Akalikunja. Akawapa watu simu, akawauliza habari za safari zao, akatazama mikono. Mimi ndiye niliyemfundisha njia hiyo tukiwa tunakunywa chai, naye aliichukua kwa moyo kuliko nilivyoichukua mimi.

Fomu zake zilikuwa tofauti na za wote. "Ubavu bapa unamkata chini ya kidole cha mwisho." "Amebadilisha mkono mara tatu." "Wa mviringo ametulia nao mpaka mwisho wa mazungumzo." Karibu wote kule Zuzu waliitaka ya mviringo inayoparuza kidogo pembeni ili isiteleze. Jibu la utafiti wote lilikuwa pale, kwenye bahasha moja.

Ofisi ikaona bahasha tano za aina moja na moja isiyofanana nazo, ikaamua kwamba ile isiyofanana ndiyo ya uongo. Rehema ameghushi, wakasema. Amekaa kwake kajaza mwenyewe.

Tukaitwa kikaoni. Meneja akamwambia ajieleze. Akasimama, akasema kwa utulivu, "Bosi, neno mshiko watu wanalielewa kama pesa. Majibu ya wenzangu yanazungumzia posho. Nilibadilisha swali, na hilo kosa nalikubali. Lakini sijaghushi. Kila mtu niliyemwandika yupo, nendeni mkamwulize."

Meneja akacheka. "Mshiko ni Kiswahili fasaha, Rehema. Watu wa huku ni Waswahili kama sisi." Kisha akanigeukia. "Mzee Chilongani, wewe ndiye mwenyeji, watu hawa unawajua. Hivi neno mshiko hawalielewi?"

Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nilikuwa nimeahidiwa kusimamia kanda nzima. Na nilijua. Nililijua tangu kile kijiji cha mwenyekiti, mzee mmoja aliponinong'oneza, "Huo mshiko wenyewe lini?", nikacheka, nikaandika "Hapana", nikapindua ukurasa. Rehema alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote. Alijua nitasema.

Nikasema, "Wanalielewa vizuri sana, bosi."

Tazameni sentensi hiyo. Haina uongo hata chembe. Mtu anaweza kuiapia. Wakati ule niliona nimejibu kwa akili, nimepita katikati bila kumgusa mtu. Rehema aliketi. Barua yake ilitoka siku ileile, imeandikwa udanganyifu, na kwa utaratibu wetu nakala ilikwenda kwa mdhamini wake. Mdhamini wake alikuwa baba yake.

Yale mabango yalipotuumbua nilidhani watamrudisha. Meneja akasema tusitafute mchawi, tutazame mbele. Nikatazama mbele. Nilistaafu kwa keki, na zawadi yangu ilikuwa ile simu.

Mwaka jana nilikwenda Gulwe kumsalimia Mama Sechelela. Alikuwa anabangua karanga uani. Nikamsimulia kisa cha foleni akacheka mpaka machozi. Halafu akauliza ilikuwaje kati yetu wote hakuna aliyeona mapema, mimi nikaropoka: alikuwepo mmoja. Ikabidi nieleze. Nilipofika kwenye swali la Meneja aliacha kubangua. "Na wewe ukajibuje?" Nikamwambia. Akakung'uta maganda mapajani, akasema, "Kondoa si mbali."

Nikaenda. Rehema ana duka lake la simu huko, na kila simu iliyo juu ya meza unaruhusiwa kuishika utakavyo. Aliniona, akatoka nyuma ya meza, akaniamkia kwa mikono miwili, akanipa kiti, akaagiza chai na maandazi. Afadhali angenitukana. Nikamwambia sikuja kununua. Nimekuja kumwona baba yake, nimweleze kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba binti yake hakughushi kitu, na kwamba mimi nilijua.

"Baba ametangulia, mzee," alisema. "Huu ni mwaka wa pili."

Nikasema Mungu amrehemu, kisha nikauliza kile ambacho sikuwa na haki ya kukiuliza. "Alikuamini?"

"Aliniamini siku ileile barua ilipofika. Aliisoma, akaikunja, akasema mwanangu hawezi."

Nilishusha pumzi. Nawaambieni ukweli, nilifurahi kwa ajili yangu mwenyewe, nikanyoosha mkono nichukue kikombe.

"Ila kuna kitu alikuwa hachoki kuniuliza," Rehema akaendelea, bila ukali wowote. "Aliniuliza hata akiwa kitandani. Anasema, yule mzee mliyekuwa naye, anayewajua watu wa huko, aliyekufundisha kazi, kwenye kikao alikuwepo? Namwambia, alikuwepo, baba. Basi anaendelea na tasbihi yake."

Nilikuwepo, wanangu. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka mlangoni, swali nililisikia lote, na jibu nililijua.